Kabla Hamjafunga Dari

Mwanangu Neema, nikifumba macho naiona asubuhi ile kama ya leo. Baba yako amesimama juu ya meza ya kulia chakula, viatu amevua kwa kuniogopa mimi, anakata tundu la mviringo kwenye silingi bodi ya sebule yetu kwa msumeno mdogo, na unga mweupe unamwangukia kichwani mpaka amekuwa mzee kabla ya siku zake. Mimi nimeishika meza isitikisike. Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi, na kila alichokigusa baba yako mimi nilikiona cha ajabu.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu ya ile picha uliyonitumia kwenye simu. Umeniambia nyumba yenu ya Iyumbu imefika kwenye dari, fundi wa jipsamu anaanza wiki ijayo, na kabla hajafunga, fundi wa muziki anataka kujua spika zikae wapi ili apitishe waya zake. Ukanitumia ramani yenye viduara vyekundu. Kila chumba kina kiduara chake, korido nayo imepata, jikoni, mpaka bafuni, na nje vingine kuzunguka baraza na ile bustani ya zabibu. Ukaandika, "Mama, unaonaje?" Nikakujibu kwamba ni nzuri, kwa kuwa mimi na kuandika kwenye simu hatujazoeana. Lakini hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu na linaanzia Chang'ombe ya Dodoma, kwa hiyo jimiminie chai unisikilize.

Chang'ombe ya wakati ule si hii unayoijua, ya duka kuegemea duka. Nyumba zilikuwa zimeachana, na katikati yake mbuzi walipita kama wenye mtaa. Baba yako alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda cha mbao ambako watu walimletea redio zao zimefungwa kwenye khanga, wamezipakata kama watoto wenye homa. Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwenye waya, moyo wangu unaruka, maana ndiyo harufu aliyokuja nayo nyumbani kila jioni kwenye mikono na shati. Wenzangu walipenda waume wanaonukia marashi. Mimi nilipenda risasi.

Redio zilizoshindikana, wenyewe walimwachia. Naye hakutupa kitu. Alizifungua, akatoa spika zilizo hai, akazipanga chini ya kitanda chetu. Nikifagia nazikuta zimenitazama. Nilipomuuliza za nini, alisema nisubiri, atanionyesha nyumba inayoimba. Basi nikasubiri, maana subira huvuta heri, na pia sikuwa na la kufanya.

Nyumba tuliyojenga ilikuwa ya vyumba vichache, ya matofali na bati, lakini ilikuwa na dari, na mtaani kwetu dari haikuwa kitu cha kila mtu. Alipomaliza kuipigilia ndipo akaanza kuitoboa. Sebule, chumba chetu, chumba cha wageni, korido, jiko. Kila tundu lilipata spika, na kila spika ilifunikwa kwa wavu wa dirisha uliopakwa rangi nyeupe, usingeijua mpaka iimbe. Waya zote zilishuka kwenye amplifaya moja pale sebuleni. Nje, chini ya kenchi za bati, aliweka spika ya mdomo mpana kama ile ya mikutano ya hadhara, akaielekeza barabarani.

Siku alipoiwasha nililia. Nilitoka jikoni nikaenda chumbani, wimbo ukanifuata. Nikaenda korido, ukanipokea. Niliona kama nimeolewa na waziri. Jioni watoto wa mtaa walicheza mbele ya nyumba, wakubwa wakisimama kidogo na baiskeli zao, na mimi nikitoka kumwaga maji yasiyohitaji kumwagwa ili tu nionekane. Ujana, mwanangu, una mambo.

Ila mwaka huohuo, baada ya mavuno, bibi yako mzaa baba alifariki. Babu yako, Mzee Masima, akabaki peke yake kwenye tembe lake, nyumba ya udongo, upande wa Buigiri. Wewe hukumkuta, kwa hiyo nikueleze. Babu yako alikuwa haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto mdogo. Alisoma pale kwenye shule ya watoto wasioona, akajua kusoma kwa vidole na kusuka viti, na alipiga ilimba, hii marimba ya Kigogo ya vidole gumba, mpaka watu wanaotoka shambani wanasahau kwamba wamechoka. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na mdomo, anatania kila mtu, na ukimshika mkono kumwongoza bila kuombwa aliuchomoa akakuuliza kama umepotea.

Baba yako alikuwa mtoto wake wa pekee. Tulipokea habari kwamba mzee alianguka karibu na zizi, akalala pale mpaka wachungaji wa ng'ombe walipopita na kumwinua. Toka siku ile baba yako hakulala vizuri. Na watu kijijini walishaanza kusema kwamba mzee anapikiwa na watu baki, mwana yuko mjini anachezesha watoto wa wenzake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tulitaka jambo moja tu duniani, mzee aje akae nasi, asirudi kule kuanguka peke yake mahali ambapo siku nyingine hatapita mtu.

Alikubali kwa masharti yake. Alisema anakuja kama mgeni. Akiona panamfaa atakuwa mwenyeji, na pasipomfaa asibembelezwe.

Siku aliyofika umeme ulikuwa umekatika, nyumba kimya. Alishuka na fimbo yake na mfuko wake wenye ilimba, akakataa chai mpaka aikague nyumba. Alitembea akigonga fimbo sakafuni, akigonga ulimi kwenye kaakaa, anakohoa kidogo kila akifika mlangoni, anasimama kusikiliza kikohozi chake kinavyorudi. Kabla jua halijatua alikuwa anatoka chumbani kwake mpaka uani, na uani mpaka sebuleni, bila kugusa ukuta. Akakaa, akasema tembe lake lilikuwa likimjibu kwa Kigogo, nyumba yetu inamjibu kwa Kiswahili, lakini wataelewana. Baba yako alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa korido nimefunga mdomo kwa khanga, kwa kuwa sikuwa nimeruhusiwa bado kucheka mbele yake.

Hapo nisimame kidogo, maana ninyi wa sasa mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnaangalia tamthilia. Sisi tulilelewa vingine. Mkamwana haingii tu kwa baba mkwe. Unasimama nje ya mlango, unasafisha koo, unasema hodi kwa sauti ya chini, unangoja. Akisema karibu, unaingia umeinamisha macho. Asipojibu, hujaitwa, unarudi ulikotoka. Na kupaza sauti kumwita baba mkwe ilikuwa aibu sawa na kumtukana. Hodi ile haikuwa ya kuomba mlango tu, ilikuwa inampa mzee nafasi ya kukaa vizuri, kuweka nguo sawa, kuwa baba wa mtu. Kwa mtu asiyeona, hodi ndiyo pazia lake.

Umeme uliporudi baba yako aliwasha ile zawadi yake. Alichagua kwaya za Kigogo ambazo mzee alizipenda. Sauti zikateremka kutoka juu, kila chumba. Mzee aliinua uso wake, akatabasamu, akauliza waimbaji wamekaa wapi. Baba yako akamwambia kwa fahari, "Kila mahali, baba."

Ilikuwa kweli. Walikuwa kila mahali, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mwanzo hatukuiona. Baba yako akienda kibandani aliniacha na maagizo muziki usizimwe, baba asikae mpweke. Nami niliutunza kama moto wa jikoni. Siku zikaenda. Tukaona mzee anaanza kupapasa kuta. Akajigonga kwenye mlango wa korido, uso ukavimba, akasema si kitu. Akaacha kwenda uani. Ilimba haikutoka mfukoni. Akawa anakaa kwenye kiti kilekile toka chai ya asubuhi, mikono kwenye magoti, na utani wake ukaisha kama chumvi kwenye kopo. Mlenda nilioupika kwa karanga, chakula alichokipenda kuliko vyote, aliugusa kwa heshima tu. Tukasema anamlilia mkewe. Baba yako akaongeza sauti ya muziki ili kumfariji, masikini, alifanya kwa mapenzi.

Na mimi nilikuwa na shida yangu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Hodi yangu ilikuwa haisikiki. Nasimama mlangoni kwa mzee, nasema hodi kama nilivyofundishwa, kwaya inaimeza. Nangoja, sijibiwi. Nikirudi, chakula kinapoa na mzee anakaa na njaa. Nikipaza sauti, nimekosa adabu. Nilihangaika hivyo, mwishowe nikaanza kuingia kimyakimya, naweka chakula mezani na kutoka. Nilijiambia kwamba haoni, hana hasara. Nikilikumbuka neno hilo hata sasa napata joto usoni.

Jumapili moja tulipotoka kanisani nilimpelekea maji ya kuoga chumbani, nikaweka beseni sakafuni. Nilipoinuka nikamwona amesimama kando ya kitanda, amevua shati na anafungua suruali. Beseni lilikuwa limegonga sakafu, akasikia. Akashika nguo yake kwa mikono miwili, akageuza uso huku na huku, akiwatafuta watu kwenye ile kelele.

"Nani?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Ningejibu, angejua kwamba ni mkamwana wake. Nikatoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, nikakaa chini nikajifunika khanga kichwani. Lakini alijua. Nani mwingine angeleta maji?

Mchana uleule mimi na baba yako tulimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, mfuko wake umefungwa, fimbo mkononi. Akamwambia mwanawe kwamba kesho anarudi nyumbani.

Baba yako aliuliza ni nani aliyemkosea. Niliomba ardhi inimeze. Mzee akasema hakuna mtu aliyemkosea, ila kwanza azime hicho kitu. Baba yako akaenda kuzima. Ukimya ulioingia ulikuwa mzito, sikuwa nimeusikia ukimya wa nyumba yangu tangu mzee afike. Polepole vitu vikaanza kurudi. Jogoo wa jirani. Sufuria ikichemka. Upepo ukitikisa bati.

"Jogoo yuko upande wa choo," mzee alisema. "Sufuria ile pale, kwa hiyo jiko liko huku. Na anayepumua kwa hofu mlangoni ni mke wako. Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Na mimi nilikuwa siambiwi sikiliza. Yona, kule kwangu sikuwa kipofu. Nimekuwa kipofu hapa kwako."

Baba yako alisema kwa shida kwamba aliiweka kwa ajili yake.

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza siku zote hizi. Lakini kule nikiwa peke yangu najua kwamba niko peke yangu. Hapa nakaa na watu, sijui kama wapo. Mke wako nilikuwa nikimsikia toka jikoni anavyoburuta kandambili. Sasa binti wa watu anakuja kwangu bila mimi kujua, namvunjia heshima yake na yeye anavunja yangu, na hakuna mwenye kosa. Nyumba ya namna hiyo mtu mzima hakai."

Alikuwa amenisitiri nisiaibike, unaona? Hakusema habari ya beseni. Mpaka anaingia kaburini hakuisema.

Baba yako alitoka, nikasikia meza inaburutwa, nikajua amepanda na plaizi ang'oe kila kitu. Kazi yake yote, zile spika zilizolala chini ya kitanda chetu. Mzee naye akaisikia meza. Akapaza sauti toka chumbani, akamwambia ashuke, kubomoa ni kazi ya hasira na hasira ni hasara. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Kama unataka nibaki, nizungushe nyumba nzima. Uwashe moja moja, nikuambie ipi inanipoteza."

Wakaanza. Nitaukumbuka mchana ule mpaka nife. Baba yako anaunga waya mmoja, anaachia mwingine, na mzee anatembea na fimbo yake, anagonga ulimi, anasimama, anainamisha kichwa. Spika ya korido, hapana, korido ndiyo njia yake, njia haitakiwi kupiga kelele. Ya jikoni, hapana, anataka kusikia sufuria na kisu na mtu. Ya chumbani kwake, alicheka, akauliza ni nani anayelala chini ya kwaya. Baba yako akaanza kuelewa na yeye, maana ufundi alikuwa nao, alichokosa ni kuuliza. Akasema sebuleni badala ya tundu lile la katikati angeweka mbili ndogo upande mmoja, ukuta wa mbali na mlango, zisemeshane kwa sauti ya chini. Mzee akajaribu, akatembea, akafurahi. Muziki ukija toka kulia kwake alijua mlango uko kushoto, na wimbo ukawa unamwongoza badala ya kumpoteza. Baba yako akaongeza kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti ukutani, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti, ili mzee mwenyewe aamue.

Wakatoka nje. Ile spika ya mdomo mpana, nayo mzee akaihukumu. Alisema wakati wote ule amekaa akijiuliza kwa nini nyumba ya mwanawe haina wageni. Kumbe walikuja. Siku zile zile Mama Chausiku, jirani wa ng'ambo, alikuwa amesimama getini akipiga hodi mpaka akachoka, akaenda kutangaza kwamba mke wa fundi anaringa. Debe tupu haliachi kuvuma, na letu lilivuma barabarani huku majirani wakituona wabaya. Baba yako akaishusha, akaweka nyingine ndogo chini ya upenu, akaielekeza ndani uani na kuipa mgongo barabara.

Ilikuwa jioni walipomaliza. Mimi nilikuwa nimechelewesha chakula. Nikabeba ugali wa uwele na mboga kwenye sinia, natembea polepole, maana tangu lile beseni sikuwa nimeufikia mlango ule peke yangu. Sebuleni kulikuwa na wimbo wa chini. Korido kimya. Nilikuwa bado sijafika mlangoni, hata koo sijasafisha.

"Karibu, mama," mzee alisema toka ndani. "Leo umechelewa."

Niliweka sinia chini nikalia hapo hapo korido. Alinisikia pia, lakini alijifanya anatafuta fimbo. Mfuko wake ulifunguliwa, na hakuwahi kuufunga tena. Babu yako alikaa nasi mpaka kaka zako wawili wakazaliwa, akawafundisha ilimba, na alifia mikononi mwa baba yako, ndani ya nyumba iliyokuwa yake. Zile jioni za uani, mzee na vidole vyake, baba yako anarekebisha redio ya mtu, mimi nachambua mlenda, na spika ndogo ikiimba upenuni kana kwamba inaona haya, kama ningepewa siku moja ya kurudia katika maisha yangu ningechagua mojawapo ya hizo, hata ya kawaida kabisa.

Sasa na mimi nikuambie ninayoyaona kwenye ramani yako, mwanangu. Sikukatazi muziki. Mtoto wa fundi redio nitamkatazaje muziki? Samaki mkunje angali mbichi, na nyumba yako ni mbichi sasa. Jipsamu ikishafungwa, kila waya uliosahauliwa utakuwa kidonda kwenye dari. Kwa hiyo mwambie fundi apitishe waya nzuri za shaba kwenye paipu hata kule ambako leo hutaki spika, aache ncha zake zimelala juu. Kesho kuna kesho yake. Lakini kupitisha waya si kutoboa tundu. Tundu ni la mwisho, baada ya kujua nani atakaa chini yake.

Kabla hajaweka alama, tembeeni ndani ya nyumba hiyo wewe na mume wako, bila viatu. Mmoja aende jikoni aseme hodi kwa sauti ya kawaida, mwingine akae kila chumba asikilize. Nawe ukae chumbani kwa watoto, usikie mtoto akilia utamsikia ukiwa wapi. Njia za kusikiana ndani ya nyumba zipo kama milango ilivyo, ila hazichorwi kwenye ramani. Hizo usizizibe. Korido iache. Sebuleni weka mbili, zikae mbele ya wasikilizaji, si utosini mwao. Nyingi zenye sauti ndogo ni bora kuliko moja inayobweka, lakini nyingi hizo kila moja iwe na kitufe chake ukutani, na asiyetaka aweze kuzima bila kukuomba ruhusa wala kutafuta simu yako.

Na nje, Neema, usisahau unaishi Dodoma. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki na unabeba kila kitu, vumbi na maneno ya watu. Jirani yako wa magharibi atasikiliza muziki wako apende asipende. Spika za bustani zikae chini, kando ya mizabibu, zielekee baraza, ziwe chini ya kivuli cha upenu zile zinazowezekana, maana jua letu linapasua hata plastiki inayojisifu. Getini asiwepo mtu anayepiga hodi usimsikie. Siku ya msiba wa jirani usiambiwe na mtu uzime, uwe umesikia mwenyewe kilio ukazima. Kuwa na muziki ni jambo zuri. Kuwa na watu ni zuri zaidi, na ukiupanga vizuri vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Nimebakiza neno moja. Kile chumba chenye dirisha la mashariki, ulichokiandikia "Mama", nimekiona. Nimekaa nacho siku nzima nikikitazama. Nilikuwa sijui namna ya kukuambia, lakini mwezi uliopita daktari alipima macho yangu. Ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Dawa ninaweka, inapunguza mwendo tu. Usilie na usiwapigie kaka zako leo. Nimekuambia kwa sababu kiduara chekundu cha chumba hicho nataka ukifute. Utakaponichukua nikae kwako, na nitakuja, nataka niwe nakusikia unatoka jikoni, unapita korido, unasimama mlangoni kwangu.

Mungu wa baba zako aisimamishe nyumba yenu, mwanangu. Aijaze sauti za watoto, na nyimbo za kiasi, na kimya cha watu wanaopendana. Asikosekane mtu wa kubisha hodi mlangoni kwenu, na ndani asikosekane wa kumsikia. Amina.